Mfundishe Fifi Jina Lako Kabla ya Safari

Kolwezi, Manika,
tarehe 15 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Mignonne,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na nyumba yako yote. Habari za Mbuji-Mayi? Goti la Mama linaendeleaje katika baridi hii? Na macho yake, bado anasalimia watu asiowajua akidhani ni majirani? Shemeji Mukuna amepona malaria? Mvua zimekoma, kwa hiyo natumaini lile korongo nyuma ya ua wenu limeacha kula ardhi, walau hadi Septemba. Sisi hapa ni wazima. Henri bado anafanya kazi ya usiku kwenye mgodi wa Mashamba, na asubuhi anarudi na vumbi hadi kwenye kope. Glodi anakua, anaongea mchana kutwa, na ameng'oka meno ya mbele.

Utajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Sababu unaijua. Ukipokea tu simu unaweka sauti kubwa, Mama anasikia, jirani anasikia, na kabla sijamaliza salamu Mama amekwisha toa hukumu. Maneno haya nataka uyasome kwanza peke yako. Nampa Lukusa wa kwaya yetu, ambaye anakwenda kupanda treni pale Tenke hadi Mwene-Ditu, ikiwa treni yenyewe itapenda kufika.

Nimesikia kwamba Dady kaka yetu amewatumia tiketi, na kwamba mwezi wa nane wewe, Mama na Fifi mtakwenda kwake Johannesburg. Nimefurahi, lakini tangu niliposikia silali vizuri. Dady ananiambia, tena kwa kicheko, kwamba atawapeleka pale pale alipotupeleka mimi na Glodi wakati wa Pasaka, kwenye uwanja mkubwa wa michezo wenye magurudumu na vitreni vya kupanda juu. Habari za siku ile Dady alikupa nusu. Nusu nyingine ninayo mimi, na nakuandikia kwa sababu Fifi wako ni mkimya kuliko Glodi, na safari hii Mama naye yumo.

Nianze na mambo ya njiani. Kule magari yanapita kushoto. Mtu wa kwetu akitaka kuvuka anatazama upande aliouzoea, na gari linamjia kutoka upande mwingine. Siku ya kwanza Dady alinivuta kwa ukosi wa blauzi, na mpaka leo ule upepo wa gari nausikia usoni. Mshike Mama mkono kila mnapovuka, hata akikasirika. Atakasirika.

Basi ndogo za kule huitwa kwa vidole. Kidole kikielekea juu kina maana yake, kikielekea chini kina nyingine, na kila mtaa una ishara zake. Ukipunga mkono wote kama tunavyoita pikipiki za taxi-moto hapa Manika, dereva atasimama vizuri tu, na utajikuta mtaa ambao hata Dady haujui. Mwambie akufundishe ishara za kwenda na za kurudi kabla hamjatoka nyumbani.

Tundu za umeme kule ni tatu, nene na za duara, chaja yetu haiingii. Nunua kichwa cha kuunganishia. Na laini ya simu ya kule uinunue siku ile ile ya kufika. Mimi Dady aliniambia sina haja nayo, kwani niko naye. Maneno hayo ya mdogo kwa dada yake mkubwa, "uko na mimi, yaya," ndiyo yaliyotaka kuniua.

Sasa ule uwanja. Usibebe chakula. Mimi nilibeba bukari ya unga wa mahindi na samaki wa chumvi ndani ya kitambaa, mlinzi wa mlangoni akafungua, akanusa, akafunga tena taratibu, na Dady akajifanya hanijui. Usivae kikwembe cha kufunga kiunoni, maana mikanda ya zile mashine inapita katikati ya miguu. Mama akikataa suruali, akae kwenye benchi, na usimwache peke yake kwenye benchi hilo. Kuna ubao wenye mstari wa kupimia watoto. Kichwa kisipofika kwenye mstari, mtoto hapandi, na kubishana hakusaidii kitu. Nilimwona baba mmoja akimwambia mwanawe asimame kwa ncha za vidole, nikamwonea haya.

Glodi hakufika kwenye mstari wa mashine kubwa, akanuna. Dady akasema basi amchukue kwenye kitreni cha watoto, kinachozunguka kilima cha saruji. Nikawaona wakiingia langoni, Glodi amegeuka ananipungia mkono. Nikasimama pale pale langoni kuwasubiri, kwa sababu kwetu mtu anatokea mlango alioingilia. Kumbe kule si hivyo. Lango la kuingilia ni hili, na la kutokea liko nyuma ya kilima, karibu na ziwa la mitumbwi. Kitreni kiliposimama Dady alikuwa anatazama picha alizopiga. Glodi akaruka chini, akasukumwa na watoto wengine, akatoka. Dady akadhani amekimbilia kwangu, akaja polepole, anatabasamu, mikono mitupu.

Mignonne, sikumbuki nilimwambia nini. Nakumbuka tu kwamba hakutabasamu tena siku ile.

Nilikimbilia majini. Usiniulize kwa nini, miguu ilikwenda yenyewe. Nilisimama ukingoni nikitazama maji yale ya kijani, mitumbwi ya rangi inapita, watu wanacheka, muziki unapigwa, nami natafuta kichwa cha mtoto. Nikataka kumwambia mlinzi mtoto wangu amevaa nini, nikashindwa. Asubuhi ile mke wa Dady ndiye aliyemvisha, nguo mpya, na mimi sikutazama. Buluu? Kijani? Kwa hiyo wewe kila asubuhi kabla ya kutoka umpige Fifi picha, amesimama wima, na viatu vionekane. Na Mama umpige vilevile.

Pale uwanjani kuna vipaza sauti kwenye nguzo. Vilikuwa vinasema na kusema kwa Kiingereza, nami sisikii kitu. Nikamuuliza Dady wanasema nini. Akasikiliza, akasema haituhusu, wameokota mtoto wa kiume bubu, wanatafuta wazazi wake. Tukaendelea kutafuta. Baadaye wakatangaza tena habari za mtoto yule bubu, tena na tena, na kila mara nilimwonea huruma mama yake, huku nikienda kutazama vyooni, chini ya meza za wauza vinywaji, kila mahali. Glodi wetu bubu? Mtoto ambaye hata kanisani lazima nimzibe mdomo? Hatukufikiri hata kidogo.

Jua lilikuwa limeanza kushuka na watu wanatoka nilipomwambia Dady twende tukamwone yule bubu. Yeye alisema ni kupoteza wakati. Mimi nilishika njia, akanifuata.

Alikuwa yeye. Ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya mlango wa kioo, mikono juu ya magoti kama tunavyowafundisha wakae mbele ya wakubwa, na juisi waliyompa hajaigusa. Kulikuwa na dada mmoja anayejua Kifaransa, akatueleza. Walipomwokota walimuuliza kwanza mama yake anaitwa nani. Akajibu ni Mama. Wakamwambia kila mtu ana mama, huyu wako jina lake nani. Hapo akafunga mdomo. Walivyozidi kumuuliza ndivyo alivyozidi kuufunga, hata jina lake mwenyewe akakataa kulitoa. Wakaandika kwamba mtoto hasemi.

Nilitaka kuingia nimchukue, wakanizuia. Wanataka kujua kama kweli ni mwanangu, na siwezi kuwalaumu, maana wezi wa watoto wapo. Pasipoti tuliziacha kwa Dady, yeye alisema kule kuna wanyang'anyi. Nilikuwa na kadi yangu ya kura tu, na juu yake limeandikwa jina langu, wakati mtoto anatumia jina la baba yake, Kisimba. Kwao mama na mtoto wana jina moja la ukoo, kwa hiyo kadi yangu haikuwaambia chochote. Beba pasipoti, na cheti cha kuzaliwa cha Fifi, na nakala zake mfukoni mwako wewe, si mwa Dady. Yule dada akasema hivi: mtoto akitaja jina la mama yake, nalo likawa ndilo hili la kwenye kadi, basi tutakwenda. Asipotaja, wanaita polisi, na mtoto atalala kwenye nyumba ya serikali hadi waulize ubalozi.

Wakamleta karibu, meza kati yetu. Anatetemeka, lakini amesimama vizuri. Dada akamuuliza tena. Glodi akanitazama mimi, si yeye.

"Mama, banataka niseme jina yako," akasema. "Mi nilikatala."

Alisema kwa fahari, Mignonne. Alitegemea nimsifu. Mchana mzima watu wazima asiowajua walikuwa wakimjaribu atende jambo baya, naye hakulitenda.

Nikapiga magoti nikamwambia, "Sema, papa, mtoto yangu. Leo ni mi mwenyewe naomba."

"Kaku alisema ni zambi."

Kaku wake ni Mama yetu. Unakumbuka Krismasi ile alipokuja hapa, Glodi alipocheza nje na watoto wa jirani akaniita kwa jina kama anavyoniita baba yake. Mama alimchapa mdomo kwa mwiko, akamwambia mtoto haite muzazi jina sawa anaita mbuzi. Sisi wawili tulicheka. Mimi nilisema asante Mama, kwa kunisaidia kulea.

Nyuma ya meza mwanamume mmoja alikuwa amekwisha inua simu. Nikasema tena, sema, na nikaanza kulia, jambo ambalo Glodi hajawahi kuliona. Akatazama chini. Akasema polepole, sauti ndogo kabisa: "Mama Ndaya. Mama Ndaya Mwadi. Mama Elise." Hakuweza kuliacha hata moja bila kulitangulizia neno Mama. Yule dada akalinganisha na kadi, akafungua mlango, na nilimbeba hadi kwenye gari ingawa ni mzito sasa.

Niliporudi Kolwezi nilimwambia Mama kwa simu kwamba tangu sasa Glodi atajua kusema jina langu, la baba yake, na namba ya simu. Nilitegemea atanielewa. Alinijibu kwamba nimemfundisha mtoto kumvua mama yake nguo sokoni, kisha akakata. Hajanipigia tangu hapo. Najua kwamba katika nyumba yako Fifi amelelewa chini ya mkono ule ule, na najua kwamba wewe hupendi kugombana naye. Mimi pia sipendi. Ninamheshimu Mama. Lakini heshima ile ilimfungia mwanangu nyuma ya kioo, na safari hii anayekwenda ni wako, tena ni mtoto ambaye hata akiwa na furaha hasikiki.

Kwa hiyo nakuomba, na kama dada mkubwa nakuamuru: kila jioni kabla ya sala mwambie Fifi aseme jina lako lote. Atakataa. Atafikiri unamtega. Mwambie kwamba si tusi, kwamba ni ruhusa yako. Fanya mbele ya Mama, si kwa kujificha, ili mtoto asije akachagua kati yenu siku ile anapotetemeka. Mama akikasirika, mpe barua hii aisome, au umsomee wewe kwa sababu ya macho yake.

Na kuna jambo lingine ambalo limenijia juzi nikipika. Mama haoni vizuri, hajui Kiingereza, na Kifaransa chake ni cha salamu. Pale uwanjani anayeweza kupotea si Fifi peke yake. Ukifika kwenye meza ile, watakuuliza wewe au Dady: mama yenu anaitwa nani? Nikajaribu kulisema jina lake, hapo jikoni, niko peke yangu, mlango nimefunga. Mignonne, mimi ni mtu mzima, nina mume na mtoto, na mdomo ulikataa. Nilisimama na mwiko mkononi nikasikia aibu ya kitoto. Jaribu na wewe uone.

Nisalimie Shemeji Mukuna. Mwambie Fifi mama yake mkubwa anampenda na Glodi anamwekea yale meno yaliyong'oka, sijui ya nini. Mungu awafunike barabarani, awarudishe wote watatu kwa hesabu ile ile mliyotoka nayo.

Na kwa heshima yote niliyo nayo, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nisalimie mama yetu, Tshiamala Kabemba Agnès.

Dada yako akupendaye,
Ndaya Mwadi Elise