Wali wa Gesi

Jumatatu, 3 Juni
Mkaa umelowa. Nimepuliza hadi machozi. Kikohozi kimenikamata katikati ya kuchagua mchele, nikakaa chini. Wateja wamezoea, wanangoja nimalize ndipo waagize. Jioni zahanati. Daktari, binti mdogo kuliko Neema wangu, kanikemea kama mama mkwe. Moshi basi. Nichague mkaa au kifua.

Jumatano, 5 Juni
Nimenunua jiko la gesi na mtungi mkubwa. Mwanahawa, msaidizi wangu, mtu wa Tunduru, haogopi kitu ila mtungi. Kawasha huku kageuza uso pembeni, Bismillah tatu. Nimecheka hadi nimekohoa.

Wali sasa. Katikati umeungua, pembeni mbichi. Ukoko hakuna. Aibu tupu.

Alhamisi, 6 Juni
Mzee Komba kaonja kijiko kimoja, kasukuma sahani. Mwalimu mstaafu wa Ruhuwiko, mteja wangu tangu nafungua kibanda. Akatangaza mbele ya bodaboda wote kwamba chakula kinanuka gesi. Hakinuki. Lakini mzee akishasema, vijana nao wananusa. Nimemchukia mchana kutwa.

Jumatatu, 10 Juni
Mabenchi matupu. Wanakula kwa jirani, kwenye mkaa.

Kinachoniuma ni kwamba wali sasa mzuri. Nimeweka kikaango kikuukuu cha chuma chini ya sufuria, moto unasambaa, ukoko umetoka mwekundu na mkavu. Tumeula mimi na Mwanahawa. Anayesema kizuri chajiuza hajawahi kuuza wali wa gesi Songea. Ikiendelea hivi hadi mwisho wa mwezi, nafunga au narudi kwenye mkaa. Sitaki vyote viwili. Naogopa.

Jumanne, 11 Juni
Wazo la Mwanahawa. Jiko la mkaa likae nje, upande wa barabarani, moshi uende zake. Juu yake sufuria kubwa, mfuniko umepaliwa makaa kama kawaida. Ndani maji matupu. Chakula chenyewe kinaiva nyuma, kwa gesi. Nikamwambia huo ni uongo. Akasema uongo ni kusema, sisi tutanyamaza.

Upepo wa milima ya Matogoro leo unakata masikio. Bodaboda wakaja kuota moto. Wakaota, wakasikia njaa, wakaagiza.

Ijumaa, 14 Juni
Kumejaa! Mzee Komba naye karudi. Kala sahani mbili, kasema kwa sauti kwamba ladha ya mkaa haimdanganyi mtu. Nimekimbilia nyuma nikacheka ndani ya kanga.

Ijumaa, 21 Juni
Sicheki tena. Jirani anawauliza watu mbona sinunui mkaa kama zamani. Bodaboda mmoja kaniuliza mtungi niliuuza kwa nani. Nikajifanya sijasikia. Wakijua, nimekwisha. Mtu anasamehe wali mbichi, lakini kufanywa mjinga hasamehi.

Jumanne, 25 Juni
Mchana, kibanda kimejaa. Kijana mmoja kaomba ukoko. Mimi niko nyuma, Mwanahawa kafuata maji. Mzee Komba, aliyekuwa amekaa karibu na jiko la nje, akainuka amchotee mwenyewe. Akaondoa makaa, akafunua. Nikatokea na upawa mkononi, nikaganda pale pale. Mvuke ukampanda kwenye miwani. Akaifuta, akachungulia tena. Akafunika polepole.

"Huu bado," akawaambia vijana. "Ngojeni wa nyuma."

Akarudi kukaa, akamaliza wali wake. Hakunitazama.

Alhamisi, 27 Juni
Kaja asubuhi, kabla ya watu. Nikampa shikamoo, nikaanza kujieleza. Akanikatiza.

"Mama Neema, tangu nimerudi hapa sijakusikia ukikohoa hata mara moja. Ulidhani nafikiri mkaa umegeuka dawa?"

Nikamuuliza kwa nini basi anausifia mkaa kila siku. Akasema alishawatangazia watu kuwa gesi inanuka, na mwalimu hapendi kufuta ubao mbele ya wanafunzi. Njia iliyobaki ni kuusifia wali kwa jina lingine ili vijana warudi. Halafu akaomba chai.

Wiki tatu nimemnunia moyoni mtu ambaye alikuwa anasikiliza kifua changu. Nimelia kidogo, nikasingizia vitunguu. Hakukuwa na kitunguu mezani.

Mchana kafuta ubao. Kawaambia vijana wote kwamba wamekula gesi tangu katikati ya mwezi, na yeye wa kwanza. Yule aliyeomba ukoko akauliza kama umebaki.

Jumapili, 30 Juni
Misa ya kwanza. Baridi. Wimbo wa komunyo ulikuwa mrefu, beti nyingi. Nimeimba zote, kikohozi hakikuja. Mama wa benchi la mbele kageuka kuona ni nani anaimba.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, polepole. Mchana nimelala.