Nilivyoisafisha Nyumba ya Mama Mkwe Hadi Akashindwa Kutembea

Jumanne, katikati ya Julai. Issuna.

Upepo. Tangu asubuhi ni upepo tu, ule wa kipupwe unaopita kwenye mabua makavu ya alizeti na kuingia hadi kwenye mifupa. Nimejifunga khanga mbili na kuvaa sweta la Rama juu yake. Sweta bado linanukia mafuta ya alizeti, na nakiri kwamba leo nimelinusa mara nyingi kuliko nilivyokunywa chai.

Shajara yangu, nimemkumbuka mume wangu.

Nasema bila aibu yoyote. Nina wiki kumi na moja tu kwenye ndoa. Sita za kwanza tuliishi mjini, Unyambwa, chumba na sebule, mapazia ya rangi ya machungwa niliyochagua mwenyewe. Kila asubuhi Rama aliniita "mke wangu" kwanza, ndipo anasalimia, kama mtu anayehakikisha kwamba jana haikuwa ndoto. Nilikuwa najifanya nimelala ili aniite mara ya pili.

Wiki tano zilizobaki nimekuwa hapa kijijini kwa mama yake. Rama yuko mjini kwenye mashine ya kukamua alizeti, na huu ndio msimu wenyewe: magunia hayaishi kuingia na ruhusa hakuna. Hunipigia jioni, mashine ikinguruma nyuma yake, na kuniuliza, "Umekula?" Basi. Neno moja. Nami hulala nalo kama barua ya kurasa nne.

Nimekuja huku kwa sababu mwishoni mwa Mei mama mkwe wangu, Mama Athumani, alipata kiharusi. Mungu alimhurumia, kinywa hakikupinda, ila mguu na mkono wa kushoto vimekuwa vizito. Rama ni mwanaye wa kumzaa, lakini mtoto wa kiume hawezi kumwogesha mama yake, na binti katika familia hii hakuna. Nikafunga begi langu, lile lile la harusi, nikaja.

Kaka yake Rama, shemeji Athumani, anaishi Mwanza, kwenye nyumba ya kupanga ghorofa ya pili. Yeye alishatoa neno: mtaalamu wa hospitali akija akisema mama hawezi kuishi hapa, Jumamosi anakuja kumchukua. Mama hataki hata kusikia. Likitajwa jina la Mwanza anahamia kwenye Kinyaturu, na mimi Mnyiramba wa Kiomboi naambulia nusu tu ya maneno, lakini nusu hiyo inatosha. Anasema huko juu ya ghorofa atakaa kama kuku aliyefungwa miguu akisubiri gari. Hapa, mlango wake unatazama njia ya sokoni. Kila mwanamke anayepita humwamkia, naye humwuliza bei ya vitunguu hata kama hanunui.

Mtaalamu mwenyewe ni dada mmoja anaitwa Veronika. Ni mtaalamu wa utengamao. Hana sindano wala dawa. Kazi yake ni kumfuata mgonjwa nyumbani, aone anavyoamka, anavyokwenda chooni, anavyochemsha chai yake, halafu aseme kibadilishwe nini ili mtu aendelee kuishi kwake bila kuumia. Mama anamwita Dokta wa Mazoezi, na hakubali kusahihishwa.

Nilipoambiwa mgeni huyo anakuja leo, nilifanya ambacho bi harusi yeyote angefanya.

Nilisafisha.

Jana kutwa nzima nilihamisha. Magunia mawili ya alizeti yaliyosimama nje ya mlango wa chumba cha mama, nikayaburuta hadi stoo. Kinu kilichokaa katikati ya sebule bila sababu ya maana, nikakitoa nje. Kigoda, nje. Ukuta wa sebule ulikuwa na doa refu jeusi, limeng'aa kama limepakwa mafuta. Nikanunua chokaa nikapaka ukuta mzima, nikarudia mara ya pili. Jirani yetu Mama Shomari alipita akachungulia.

"Bi harusi, kwani anakuja mkuu wa wilaya?"

"Anakuja mtaalamu, mama."

"Haya. Mimi mwaka wa pili wa ndoa nilishaacha."

Tulicheka sana. Mama mkwe alikuwa amekaa nje juani akiniangalia. Alisema tu, "Mwanangu, utachoka." Nikaona ananionea huruma. Nikazidi kupaka.

Veronika amefika saa tatu kwa bodaboda, viatu vimejaa vumbi. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu, karibu. Nyumba yetu ndiyo hii." Akapewa chai, akanywa funda mbili, akasema sasa nisahauni, mama afanye kama kila siku. Aanzie kitandani, aende hadi chooni, arudi.

Mama akajaribu kuinuka kitandani, jaribio la tatu akafanikiwa, akafika mlango wa chumba, akasimama. Nilikuwa nyuma yao, nikaona vizuri. Mkono wake wa kulia ulinyooka kuelekea pale magunia yalipokuwa, ukakuta hewa, ukarudi. Kisha ukaelekea ukutani. Ulikuwa umebakisha kama upana wa kidole. Akautazama ukuta, akauvuta mkono, akauficha ndani ya khanga.

Akatembea katikati ya sebule tupu. Hatua moja, mbili, tatu. Mguu wa kushoto ukakwama. Veronika alimdaka kiunoni kabla hajafika chini.

Alimkalisha, akamwachia apumue, akaangalia chumba chote. "Mama," akasema taratibu, "kutoka mlango huu hadi ule ni hatua saba, na njiani huna pa kushika. Ukiwa peke yako siwezi kuandika kwamba ni salama." Akatoa daftari. "Kuna mtu mwingine unayeweza kwenda kukaa kwake?"

Mama akasema polepole, "Nina mwanangu Mwanza."

Hapa ndipo pagumu kuandika.

Nilielewa papo hapo. Wiki tano, nisipokuwa nimemshika kama jana usiku, nimemwona akitembea, bega hadi gunia, gunia hadi kinu, kinu hadi ukuta, ukuta hadi mlango, na kumbe zile ndizo zilikuwa fimbo zake. Lile doa nililolifuta lilikuwa kiganja chake. Nilijua, na nilijua nikisema tu neno moja daftari lile lingefungwa.

Lakini nililiona na jambo la pili. Niliiona Jumamosi. Shemeji anakuja, mama anakwenda Mwanza, na mimi kabla jua halijazama niko Unyambwa. Nilijiona nikifungua mapazia yangu. Nilimwona Rama akiingia na mashudu kwenye nywele, akisimama mlangoni, akikosa la kusema. Mungu wangu, nilimwona hadi kovu lake la kidevuni.

Nikanyamaza.

Kalamu ya Veronika ilishamaliza mstari mzima na kuanza mwingine. Mama hakunitazama hata mara moja. Alikuwa anainyoosha khanga magotini.

"Mimi ndiye niliyevitoa," nikasema. Sauti ilitoka kubwa mno, kuku wakakimbia mlangoni.

"Umetoa nini?" akauliza Veronika.

Nikamwambia yote: magunia, kinu, kigoda, chokaa. Nilidhani atanigombeza. Akafunga daftari, akacheka hadi akashika kiuno. "Dada, kila nyumba ninayoingia naikuta imefagiwa kama ya sikukuu. Mimi sikuja kukagua usafi. Rudisha kila kitu kilipokuwa. Kila kitu."

Tukaburuta magunia sisi wawili, yeye na viatu vyake vya vumbi. Mama akawa anaelekeza kutoka kwenye kiti. "Siyo hapo, sogeza mlangoni. Kinu kije huku. Huku, wewe, hujui huku?" Wiki tano hajawahi kuniamrisha hivyo. Ilikuwa raha ajabu.

"Na ukutani ulikuwa unashika wapi, mama?"

Mama akanitazama mimi badala yake. "Nitachafua. Mtoto kapaka jana tu."

"Chafua," akasema Veronika.

Mama akaweka kiganja. Chokaa ikahamia mkononi, na ukutani vikabaki vidole vitano. Akasonga, akaweka tena, akasonga. Alitoka sebuleni, akavuka kizingiti, akavuka ua, akafika chooni, Veronika nyuma yake bila kumgusa. Alipomaliza, mtaalamu huyo akatoa futi yake, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye alama za vidole, akaandika.

Kisha akamwuliza mama kwa nini hakusema tangu mwanzo.

"Nimwambie mbele ya mgeni kwamba usafi wake umeniangusha?" Mama alishangaa kweli, kama aliyeulizwa kwa nini havui nguo barabarani. "Ana miezi miwili na nusu kwenye ndoa huyu. Bora hiyo Mwanza."

Bora hiyo Mwanza! Yeye ambaye jina hilo humharibia chakula.

Yeye alinyamaza kwa ajili yangu. Na mimi nilinyamaza kwa ajili yangu.

Veronika alikaa hadi saa saba. Alisema magunia hayawezi kuwa dawa, maana Agosti yatauzwa, na kinu kinaweza kuteleza. Ukutani upigwe ubao wa kushika, urefu ule ule wa alama za vidole. Kitanda kiinuliwe kwa matofali, kwa sababu kipo chini mno na mama anapoteza nguvu zote kwenye kuamka. Kandambili akazitoa mwenyewe mlangoni, akasema zisirudi, zitafutwe raba zenye kisigino. Kizingiti kisawazishwe. Kutoka mlangoni hadi chooni zisimikwe nguzo na mti wa kushikilia, na ndani ya choo kiwekwe kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, ili mama asichuchumae. Maji ayachote kwa galoni ndogo, ndoo kubwa aachiwe Mama Shomari. Sikujua kwamba mtu anaweza kuiangalia nyumba namna hiyo. Mimi niliiangalia kwa macho ya wageni. Yeye aliiangalia kwa mguu wa mama.

Kisha akanigeukia. "Na wewe, mikono nyuma. Ukimshika kila hatua, ule mguu hautajifunza kitu." Atarudi baada ya wiki tatu. Akikuta mama anakwenda chooni na kurudi mwenyewe, asubuhi na jioni, ataandika kwamba anaweza kuishi kwake, jirani akimchungulia. Asipoweza, ni Mwanza.

Wiki tatu nyingine.

Nimelia, ndiyo. Nilikwenda nyuma ya jiko nikajifanya natafuta kuni. Ningeweza kuwa kwangu Jumamosi. Mwili wangu wote unamtaka yule mwanaume, unataka kusikia viatu vyake vikivuliwa mlangoni, na nimejiongezea wiki tatu kwa kinywa changu mwenyewe. Sijutii. Ila kutojuta hakupunguzi kitu, nani alinidanganya kwamba kunapunguza?

Alipopiga jioni sikungoja aniulize kama nimekula. Nilimweleza yote, hadi ule ukimya wangu. Upande wa pili ikabaki mashine peke yake. Nikafikiri, haya, ndoa imekwisha kabla mapazia hayajafuliwa.

Kisha akauliza, "Ubao wa urefu gani?"

Nikamtajia.

"Jumapili mashine inazimwa isafishwe. Nitakuja na msumeno na misumari. Nitakaa hadi gari la saa kumi." Akaongeza, "Mke wangu, hata mimi hiyo Jumamosi ningeitamani."

Nusu siku! Nitamwona nusu siku, na nusu ya hiyo atakuwa anapiga misumari. Nimeshaanza kufikiria khanga ya kuvaa. Nitamshikia ubao. Nitaushika karibu kabisa na mikono yake.

Shemeji Athumani naye kapigiwa, amelalamika, amekubali wiki tatu na si siku zaidi. Mama amesikia kila neno, akaomba chai.

Sijamwambia mama kuhusu ukimya wangu. Nadhani anajua. Alipokuwa ananirudishia kikombe aliniambia, "Na mimi nilipoolewa nilikuwa hivyo hivyo," halafu akageukia mambo ya vitunguu. Sijui alimaanisha usafi au alimaanisha Jumamosi. Je, nimwulize? Au hili ni kati ya yale ambayo mtu na mkwewe wanayaacha yalale?

Matofali yameshawekwa chini ya kitanda, Mama Shomari na mimi tumeinua pamoja. Mama amejaribu mara mbili, na kila mara ameinuka kwa jaribio la kwanza tu. Anasema kesho anaanza rasmi, na hataki mtu nyuma yake kama mkia.

Kwa hiyo kesho alfajiri ataamka kwenda chooni, na mimi nitabaki palepale kitandani, macho wazi, mikono nimeilalia, nikijifanya sijasikia.