Mguu wa Kiti cha Kijani

Jumanne, 5 Machi
Shokapu za mbele za pikipiki ya marehemu mume wangu zinavuja. Oili imeshuka mpaka kwenye breki! Na Jumapili binti yetu anaichukua, anakwenda kuanza ukunga wake kwenye zahanati za mbali. Nimemwita shemeji, mdogo wa marehemu, fundi wetu. Kasema tutafanyia hapahapa uani. Nikasema basi nitashika spana. Akacheka — spana wewe shemeji utaijulia wapi? Nikamwambia mimi nimemshikia kaka yako tochi tangu wewe unapanguswa kamasi.

Alhamisi, 7 Machi
Tumeanza baada ya alfajiri. Pikipiki juu ya kreti, gurudumu la mbele tumelifungua. Leo shokapu ya kulia tu. Oili iliyotoka ni nyeusi tii, inanuka kama samaki wa jana. Harufu ile! Ndiyo ya mikono ya marehemu, sabuni haikuiweza kamwe. Nimeinamia ndoo nikanusa, shemeji akajifanya anatafuta kitambaa. Sili kuukuu, zile raba za kuzuia oili, zimekauka kama maganda. Mpya nimezipaka oili mwenyewe, nikazisukuma mpaka zikakaa.

Ijumaa, 8 Machi
Mvua. Nimeswali, nimemwombea. Nimekaa kwenye kiti chetu cha kwanza, kile cha bomba la kijani. Bado kinayumba. Alikata kipande cha mguu mmoja, eti una kutu. Nilimgombeza wee! Akachomeka ubao chini yake, akacheka zake.

Jumamosi, 9 Machi
Ya kushoto. Shemeji kafungua kifuniko, springi ikaruka, na juu yake kipande cha bomba! Kulia hakikuwamo. Kaka alikuwa anafanya nini huyu? kasema. Mimi nimekijua kabla sijakigusa. Kijani. Mguu wa kiti!

Nilikuwa nakaa upande nyuma yake, miguu yote kushoto, na mwili huu niliojaliwa. Kumbe aliona pikipiki inalalia kwangu, akaiongezea springi ya upande huo nguvu kimyakimya. Wala hakusema, nisijione mzito. Ya Rabi, mnawirishie kaburi lake.

Shemeji anasema kitoke. Pande mbili zisipolingana, mtoto akifunga breki ghafla usukani utamvuta. Najua. Lakini nimekibana kiganjani, nikamwambia ngoja kwanza, nikaingia ndani. Eti nakuja kuandika.

Binti amefika. Namsikia uani, anamuuliza baba yake mdogo mbona shokapu iko wazi, anamngoja nani. Shemeji, Mungu ambariki, kamjibu tunamngoja fundi mkuu.

Nimeutoa ule ubao. Nimekiweka kipande chini ya mguu mfupi. Kimeenea! Kiti kimetulia tuli, naandika na mkono hautikisiki.

Ananiita. Mama, njoo ufunge mwenyewe, kisha nikupakie tuijaribu mpaka kona ile na kurudi. Anauliza nitakaa upande, kama kwa baba?

Kiatu kimoja nimeshavaa. Cha pili sikioni kwa machozi —