Milimita Mia Mbili na Sita

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mwili wangu haujambo, kichwa ndicho kimevurugika. Wewe u hali gani, na watoto? Nasikia tangu wakubwa wa bwawa wamsimamishe kazi, shemeji hagusi chakula, anashinda uani akitazama kucha zake. Poleni sana.

Huku mlimani mambo hayaeleweki. Miezi saba kipimo cha mvua kilikuwa kikavu, buibui kajenga ndani, nami kila saa tatu asubuhi nakwenda kuandika sifuri kama chizi. Kisha ikanyesha siku nne tu. Nilipojumlisha, mvua ya mwaka huu imelingana na ya miaka ya marehemu baba alipokuwa akiifanya kazi hii, lakini visima havina maji. Nimejumlisha mara tatu.

Juzi alikuja mtaalamu wa hali ya hewa, nikamuuliza. Akasema dunia imepata joto, na hewa yenye joto hunyonya maji mengi zaidi udongoni na mitoni, huyabeba muda mrefu, halafu huyamwaga kwa mkupuo. Yakimwagwa hivyo hukimbia juu ya ardhi, hayazami. Nikaitikia kama mtu aliyeelewa. Kusema kweli niliambulia nusu, ila hiyo nusu ilitosha kunionyesha kosa langu.

Siku ya mafuriko shemeji alichelewa kufungua milango ya bwawa, mwisho ikabidi aifungue yote kwa pamoja, mtaa wa chini ukasombwa pamoja na cherehani zako tatu. Anasema alifuata taarifa ya mvua kutoka mlimani. Watu wanasema anatapatapa. Hata wewe uliniandikia kwamba unamwonea aibu.

Taarifa ile niliitoa mimi. Kipimoni mlikuwa na milimita mia mbili na sita. Katika madaftari yote ya baba, miaka thelathini na mmoja, hakuna siku iliyofika tisini. Nikadhani nimekosea kupima, au kuna mtu kanichezea shere kamimina ndoo. Niliona haya kutaja namba ya kiwendawazimu. Nikampigia simu shemeji, nikamwambia themanini na nane.

Alifanya kilichostahili themanini na nane, dada. Hakuzembea.

Kikao chake ni Jumatatu. Nitakuja kuyasema haya mbele ya wote, lakini nimetaka wewe uyajue kwanza, ili akitoka nyumbani siku hiyo usimwache aende peke yake.

Nisalimie watoto. Shemeji naye msalimie, akizikubali salamu zangu.

Ndimi mdogo wako,
mpima mvua