Presha Imeshuka kwa Mapishi ya Mkwe Nisiyesema Naye

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujaanza kunifokea, maana kila Jumamosi naona kwa gazeti vile unafokea watu na wengine hata hawajakosa sana. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu lakini barua zangu naandika mwenyewe, siandikiwi.

Ni nyanya wa miaka sitini na nane, nakaa hapa Nakuru kwenye nyumba tuliyojenga na marehemu mzee wangu Makokha, aliyekuwa fundi wa reli, na nimelea watoto watano na hakuna hata mmoja aliyewahi kuinuka mezani kwangu akisema hajashiba. Kupika najua, hilo lielewe kwanza. Nyama naanza na mwiko uliojaa mafuta ya kuganda, yale ya mkebe, kisha vitunguu mpaka viwe vyekundu, nyanya, chumvi, unga wa mchuzi paketi moja na kama kuna wageni paketi mbili, na mafuta lazima yaelee juu, kwa sababu mchuzi usioelea mafuta kwetu ni maji ya kuoshea vyombo.

Sasa mwezi wa tatu niliteleza nje ya bafu nikavunjika mkono wa kulia, nikafungwa plasta mpaka juu ya kiwiko, na huko huko hospitalini nesi akanipima presha, akaangalia mashine, akapima tena, akaita mwenzake. Mia na tisini. Wakanipa vidonge na wakaniambia nipunguze chumvi na mafuta, nikasema ndiyo kwa mdomo lakini moyoni nikasema hawa watoto hawajui kupika na sasa wanataka sisi wote tule kama wao.

Mkono ukiwa hivyo singeweza hata kuchemsha chai, basi binti yangu wa mwisho, Celestine, anayekaa upande wa Lanet na mumewe, akasema atanitumia chakula kila siku na mtu wa boda boda. Mshauri, niliogopa. Celestine namjua, huyo mtoto aliwahi kuunguza uji akiwa amesimama hapo hapo anauangalia. Lakini siku ya kwanza nikafungua hotipoti nikakuta kuku wa kienyeji, supu nyepesi, dania imekatwa juu, harufu ya kitunguu saumu na tangawizi na kitu kingine ambacho sikukijua, kumbe ni rosemari, ile miti midogo watu hupanda kuzunguka boma na mbuzi hawaigusi. Nikatafuta mafuta juu, hakuna. Nikaonja nikitafuta kosa, nikakosa kosa, nikamaliza, nikapangusa hotipoti na kipande cha ugali. Kesho yake mboga ya managu iliyolala kwa maziwa, siku nyingine minji na waru, yaani njegere na viazi, siku nyingine samaki aliyepakwa ndimu na pilipili manga akachomwa bila kuona karai. Nikampigia Celestine simu nikamwambia, unaona sasa, nimekupigia kelele miaka yote hiyo, hatimaye yameingia. Akasema upesi, "Asante, mama." Mimi sikushuku kitu.

Baada ya wiki sita nikaenda kutolewa plasta, nesi akanipima, akaniangalia.

"Shosho, umefanya nini?"

"Kwani nimefanya nini?"

"Imeshuka. Mia thelathini na nane."

"Nimekula chakula cha binti yangu," nikamwambia. "Nilimfundisha mimi."

Nilitoka hapo nikahisi kama nimetuliwa mzigo wa kuni mgongoni, kwa sababu Makokha aliangushwa na presha hii hii, akakaa mwaka mzima upande mmoja hausikii, kisha akatuacha, nami nilikuwa nimeshajiweka kwa foleni. Sijawahi kutembea kutoka kliniki mpaka nyumbani bila kupumzika lakini siku hiyo nilitembea. Basi Jumapili nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda, nikasema ni Mungu na ni mafundisho ya jiko langu, na mwenyekiti wetu wa akina mama, Wamuyu, akasema hekima kama hiyo mtu hakai nayo peke yake, Jumamosi ya mwisho wa mwezi nije niwapikie wakiona, wengi wao wana presha pia. Nikajibu hiyo ni kazi ndogo.

Jumanne, chakula kikiwa kimeshaletwa kiko hapo mbele yangu kinatoa moshi, nikampigia Celestine anitajie hayo majani na hayo mafuta. Akasema yuko Kericho kwa semina ya kazi tangu Jumapili.

"Kama uko Kericho, hiki chakula kimetoka wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Nyumbani kuna nani?"

"Mama, tafadhali usikasirike."

"Sijakasirika. Nimeuliza kuna nani."

"Ni Mbugua. Na si leo tu. Ni yeye tangu siku ya kwanza. Mimi ningekutumia nini, mama, na wewe unanijua?"

Mbugua ndiye mume wake. Ni mtu wa Mau Narok, kazi yake ni kupika jikoni mwa hospitali moja hapa mjini, na anaamka mapema anapika changu kabla hajaenda kupikia wagonjwa. Sasa uelewe, sisi ni watu wa Bungoma, na kwetu mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa mbali, hawapeani mkono, hawatazamani machoni, wakikutana njiani mmoja anashika kando. Watu wote wanajua mimi nashika mila, wananisifu kwa hilo. Miaka minane sijasema na huyo kijana zaidi ya kumjibu salamu nikiangalia ukuta. Na sasa nimekula chakula cha mkono wake wiki saba, si kula tu, kupangusa.

Na kuna lingine, ambalo kanisani sikulisema. Siku Mbugua alikuja kwetu mara ya kwanza na wazee wake nilichinja kuku wawili nikawapika vile najua, na yeye akaingia mpaka jikoni na sahani mkononi, mwanamume, mgeni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, samahani, mzee ana presha? Hapa mafuta ni mengi kidogo kwake." Dada zangu wakasikia. Nikamwambia aende akapikie wagonjwa wake. Sikumsamehe. Miaka miwili baadaye mzee akaanguka, na badala ya kuyakumbuka yale maneno vizuri nikazidi kumkasirikia, kana kwamba yeye ndiye aliuita huo ugonjwa kwa jina.

Ile hotipoti ya Jumanne niliiangalia nikasema hii naifunika nairudisha. Ilikuwa kuku. Nikala, nikijua.

Sasa nisaidie, mshauri. Nikiendelea kula nitakuwa ninavunja mila macho yakiwa wazi, nikiacha narudi kwa sufuria yangu na presha inarudi juu, na mimi nataka kuishi, sijachoka. Akina mama wananingojea nami sijui hata ni mafuta gani. Celestine anasema nimuulize mwenyewe. Nitamuulizaje mtu ambaye sisemi naye? Nijibu haraka, na jina langu usiliweke.

Ni mimi,
Nyanya, Nakuru.

*

Mama Cheptanui anajibu:

Nyanya mwenzangu,

Pole kwa mkono, na hongera kwa presha. Nilipofika pale nesi anasema imeshuka nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka watu wa ofisi wakageuka. Jina lako sijaliweka. Umetaja ya wengine wote ukaficha lako peke yake, kwa hivyo hayo mengine nimeyabadilisha mimi.

Nimesoma mpaka mwisho. Sasa nifoke.

Mila ya ukwe naijua, mama yangu aliishika mpaka tukamzika. Iliwekwa ili watu wawili wasivunjiane heshima. Nionyeshe mahali iliposema mama mkwe asile chakula alichopika mkwe. Hakuna. Wazee hawakukataza kwa sababu haikuwaingia akilini kwamba mwanamume angepika, na kile ambacho wazee hawakukataza usikiongeze wewe. Hujavunja kitu. Kula.

Lakini miaka hiyo minane hukuwa unashika mila, mama. Ulikuwa umenuna. Kijana alikuudhi mbele ya dada zako, ukaona mila iko karibu, ukajificha nyuma yake, na watu wakakusifu. Mtu anayeshika mila hujibu salamu kwa moyo mweupe hata kama ameangalia ukuta. Wewe uliangalia ukuta huku unahesabu kuku wawili. Hizo sifa si zako, ziache.

Mbugua alikosea mahali. Jikoni kwa watu siku ya kwanza, na sahani mkononi, angeweza kungoja. Neno hakukosea. Alimwona mzee wa watu akaogopa kwa niaba yake, na ukimfukuza leo bado kesho atakupikia, kama alivyofanya bila hata kudai ujue ni yeye. Mimi nina wakwe watatu na hakuna aliyewahi kunichemshia yai.

Na hilo la mzee, nimeona vile umelipitia haraka haraka. Simama hapo kidogo. Sufuria yako haikumuua Makokha. Presha ina mambo mengi, na wewe ulimpikia kile ulichojua, vile ulivyofundishwa, na hakuna aliyewahi kukukalisha chini kukuonyesha kingine isipokuwa mgeni mmoja kwa dakika moja. Hukujua. Sasa unajua, basi hesabu yako inaanza leo. Usiirudishe nyuma ukajinyima usingizi, hiyo nayo inapandisha presha.

Tuje jikoni. Mkebe wa mafuta ya kuganda utoe, na usimpe jirani, jirani ana moyo pia. Nunua mafuta ya kumiminika, ya alizeti au ya mahindi, chupa ndogo iliyofungwa, si yale ya kupimiwa kutoka kwa mtungi ambao hujui umekaa juani siku ngapi. Usidanganywe na chupa yenye picha nzuri kwamba hiyo ni dawa. Mafuta ni mafuta, kinachosaidia ni kipimo, nawe upime kwa kijiko cha kulia, mwiko uwe wa kukorogea tu. Yakishakaanga yakawa meusi, mwaga, usiyaweke ya kesho. Unga wa mchuzi wa paketi ni chumvi iliyopakwa rangi. Soma nyuma ya paketi, darasa la tatu linatosha.

Utamu utautafuta kwa vitunguu saumu, tangawizi, ndimu na pilipili manga. Dania tia ukishaepua, ukiipika inakuwa majani ya kawaida. Rosemari ni kijiti kimoja, ukitia tawi zima utakula sabuni. Chumvi punguza kidogo kidogo, ulimi unazoea, wako umeshazoea bila kukuuliza. Na vidonge usiache hata siku moja. Kuku wa mkwe amesaidia, vidonge vimesaidia, usimpe mmoja sifa yote ukamtupa mwenzake. Nenda upimwe kila mwezi.

Sasa kanisani. Ulisimama mwenyewe ukasema uongo bila kujua, basi kesho simama mwenyewe uutoe, mbele ya Wamuyu na wale wale waliopiga makofi. Sema chakula hakikuwa cha Celestine wala mafundisho ya jiko lako, ni cha mume wake. Utaona aibu dakika tano. Binti yako amebeba sifa isiyo yake wiki saba akiogopa mdomo wako, na hilo nalo umwombe msamaha.

Kisha umpigie Mbugua simu. Usimtume Celestine, usimtume mtu wa boda boda. Mwambie hivi: "Baba, asante kwa chakula. Siku ile jikoni ulisema kweli, nami nilikujibu vibaya. Njoo utufundishe." Simu haina macho, mila yako iko salama kabisa, na maneno yenyewe ni machache. Akinyamaza usikate. Atakuwa anatafuta mahali pa kukaa.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi aje na kisu chake na majani yake, apike yeye. Wewe usishike mwiko na usimsahihishe. Chukua kiti cha mbele kabisa, na usije ukajifunika leso usoni kwa kusingizia heshima. Mila imekukataza kumtazama machoni. Mtu akipika, mtazame mikono.