Mwanya wa Mama

Magamba, Lushoto
Julai

Kaka Danieli,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe, wifi na watoto mkiwa na afya, na kwamba jua la Dodoma halijawakausha. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu, ukiacha baridi. Mwezi huu ukungu hauondoki mpaka mchana, na nguo zinashinda kambani bila kukauka. Mahindi ya bondeni yamekubali. Baba anatembea, Mama ni mzima. Nimeanza na hayo ili usiisome barua hii kwa kukimbia ukitafuta msiba. Hakuna aliyefariki.

Najua utashangaa kwa nini nakuandikia kwenye karatasi wakati simu ipo. Lakini kaka, wewe kila ukipigiwa uko kwenye kikao, na mimi nikipiga nikiwa nyumbani Mama anasikia kila neno kupitia ukuta wa mbao. Isitoshe, jambo lenyewe si la kusemwa huku mtu anapiga kelele za halo, halo, mtandao unakata. Nimempa barua Vumilia wa jirani, anarudi chuoni huko kwenu.

Uliambiwa kwamba Mama alianguka. Aliteleza kwenye njia ya kuteremkia bondeni, akaangukia jiwe kwa mdomo, meno mawili ya mbele ya juu yakakatika karibu na ufizi. Hukuambiwa alivyokataa kuja kliniki kwetu atengenezewe mengine. Alishinda amejiziba mdomo kwa pindo la khanga, hata kanisani anaimba ndani ya khanga. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, akanijibu kwamba meno si maradhi na nimwache. Mwisho Daktari Alen mwenyewe, daktari wetu wa meno, alikuja nyumbani kumwomba, na kwa kuwa Mama hawezi kumkatalia mgeni aliyekwisha kunywa chai yake, akakubali.

Wewe hujafika kazini kwetu tangu mashine mpya ziletwe, kwa hiyo acha nikueleze kidogo, na usianze kusinzia. Siku hizi hatumjazi mtu kile kidongo cha kuchukulia alama ya meno mpaka atapike. Tunapitisha kamera ndogo kinywani, na kinywa chote kinatokea kwenye kompyuta. Hapo ndipo kazi yangu inapoanza. Nalichora jino kwenye kioo cha kompyuta, nalinenepesha, nalikondesha, nalilinganisha na jirani zake. Nikimaliza, mashine inalichonga kutoka kwenye tofali la kauri jeupe kama chaki. Linatoka kubwa kuliko linavyotakiwa, na laini, ukilibana vibaya linavunjika. Likiingia tanurini linasinyaa na kukomaa kuwa gumu kuliko jino la Mungu. Kisha nalipaka rangi kwa brashi nyembamba. Kazi hii naipenda, na sioni haya kusema naijua.

Sasa, kompyuta ile ina ghala la meno ambalo ndilo inalotumia kupendekeza. Sijui ni ya watu wa wapi, lakini hakuna hata mmoja mwenye mwanya. Kwake mwanya ni kasoro. Ilipoona nafasi kati ya visiki vya meno mawili ya Mama, ilichora meno mapya yanayogusana kabisa. Mimi nikacheka, nikataka kuyatenganisha. Nani asiyeujua mwanya wa Mama? Wewe mwenyewe kwenye harusi yako watu wa kwa wifi waliuimba! Nikamwita aone nilivyokuwa narekebisha. Akatazama kioo muda mrefu, kisha akaniambia niache hivyo hivyo, yagusane. Nikabisha. Akaniuliza kwa ukali kinywa ni cha nani. Nikachonga kama alivyotaka, na Daktari Alen akayabandika kwa saruji ya muda, ili tuone kwanza kama atayazoea. Yalimkaa vizuri mno. Hata mimi niliona aibu kwa jinsi nilivyojisifu.

Ugonjwa wa Baba wa kusahau unaujua, ila hujaona ulivyokua tangu Krismasi. Mimi ananiita nesi. Mchungaji alipokuja kumwombea, Baba alimuuliza kama ameleta miche, akadhani ni bwana misitu. Mtu mmoja tu alikuwa hajamsahau, naye ni Mama. Alikula kwa mkono wa Mama tu, akanywa dawa kwa mkono wa Mama tu. Sisi wengine tukimshikia kijiko anakaza mdomo. Hata zile siku za khanga mdomoni alimfuata Mama jikoni kama kawaida yake.

Siku aliyorudi na meno mapya, Mama aliingia sebuleni, akamtabasamia. Kaka, tangu tuzaliwe umewahi kumsikia Baba akimsemesha Mama Kiswahili? Kiswahili chake ni cha ofisini, cha mabwana misitu na wageni. Siku hiyo aliinuka kwenye kiti, akavua kofia, akamkaribisha Mama kwa Kiswahili safi. Akasema mwenye nyumba ameenda shambani, hatakawia, mama mgeni akae asubiri. Mama akacheka, akamjibu kwa Kishambaa kwamba mwenye nyumba ndiye huyu. Baba akamsifu kwa adabu kwamba anakijua Kishambaa vizuri, akamuuliza alijifunzia wapi.

Nilidhani ni utani. Lo! Haukuwa utani. Jioni ile alikataa kula, akasema si heshima mgeni kumlisha mwenyeji. Kesho yake vivyo hivyo, na siku zilizofuata. Alikuwa anakaa mlangoni akitazama njia ya shambani, akimngoja Mama, na Mama yuko nyuma yake na sahani. Uji alikunywa matone. Suruali ikawa inashikiliwa na mkanda tu. Daktari wa hospitali akaniambia waziwazi kwamba mzee wa umri ule asipokula, hatufiki mbali.

Mimi nilijua tatizo ni nini. Nilimwambia Mama turudi kliniki nifungue mwanya, ni kazi ndogo, meno yenyewe yameshikwa na saruji ya muda. Akakataa. Akasema Baba atazoea. Nikamwomba tena, akakataa tena. Basi nikamkasirikia, kaka, nikamtolea maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake. Nilimuuliza kama urembo wa uzeeni ni bora kuliko roho ya mume wake. Aliosha vyombo.

Kisha Baba akaanguka mlangoni kwa udhaifu. Hakuumia, lakini nilipomwinua alikuwa mwepesi mno. Kesho yake nikiwa kazini namwona Mama anashuka kwenye bodaboda, yeye anayeziogopa kama nini. Aliingia, akakaa karibu na kompyuta yangu, akaniambia nifungue mwanya.

Nikafungua. Nilikuwa nauongeza kidogo kidogo kwenye kioo, nikamuuliza kama hapo panatosha. Mama akaniangalia. Akasema hiyo ni mara ya pili katika maisha yake kuulizwa swali hilo. Mara ya kwanza aliulizwa na fundi wa Korogwe, mwenye tupa mkononi.

Kaka, Mama hakuzaliwa na mwanya.

Aliyezaliwa nao ni Esta, dada yake, yule mama mkubwa ambaye tulikuwa tunapelekwa Bungu kufagia kaburi lake bila kuambiwa alikuwa nani zaidi ya hapo. Esta ndiye aliyekuwa mchumba wa Baba. Mahari ilikwisha pokelewa, matangazo ya ndoa yalikwisha somwa kanisani, ndipo homa ikamchukua. Wazee wa pande zote mbili wakakaa, wakaamua kwamba undugu usivunjike, na mdogo mtu akatolewa badala yake. Mama anasema Baba alikuja kumwona akiwa amevaa vizuri, akamsalimu vizuri, na hakumtazama usoni hata mara moja. Alikuja tena, ikawa vile vile. Watu wa Bungu walikuwa wanasema Fanueli, ndiye Baba, aliupenda mwanya wa Esta kuliko mashamba ya baba yake. Basi Mama akateremka Korogwe bila kumwambia mtu, akachongwa meno. Anasema hakuna uchungu wa kuzaa uliofikia ule, na mpaka alipoanguka alikuwa hawezi kunywa maji ya baridi. Baba alipokuja safari ya tatu alimtazama, akatabasamu. Hakuuliza kitu, siku ile wala baadaye.

Niliachia kipanya. Nilimuuliza kama Baba alimtesa kwa hilo. Akanishangaa, akasema Baba yenu ni mume mwema, msimseme vibaya, hajawahi kuninyanyasa hata kwa neno. Ila meno yalipovunjika alijiambia kwamba Mungu amemrudishia nafasi. Alitaka, mara moja tu kabla hawajafa, Baba amwone na kinywa alichozaliwa nacho, aone kama atamjua.

Nililia mbele ya wagonjwa, kaka. Mama alinipa pindo la khanga yake, akaniambia nimalize kazi, mzee ana njaa.

Nilichonga upya siku ile ile, na yalipokomaa Daktari Alen akayabandika, safari hii kwa saruji ya kudumu. Tuliingia nyumbani pamoja. Baba alikuwa mlangoni. Alimtazama Mama mdomoni, akashika ukuta, akainuka, akaanza kumlaumu kwa Kishambaa, ametoka wapi, mbona amekawia hivyo, yeye amekaa hapa na njaa. Na akamwita Esta. Si mama Danieli, kama alivyomwita maisha yetu yote. Esta. Mama aliitika. Akaweka mfuko chini, akaenda jikoni, akasonga ugali wa muhogo, akamlisha mpaka sahani ikaisha.

Tangu siku hiyo ni Esta asubuhi, Esta jioni, na Mama anaitika kila mara. Nilimuuliza kama haimuumi. Akasema mzee anakula. Nikamuuliza tena, akarudia neno hilo hilo.

Yeye ndiye aliyenituma nikuandikie, kwa sababu anakujua ulivyo mwepesi wa kusahihisha watu. Ukija, na ukisikia Baba anamwita Mama hivyo, nakuomba usimkosoe, wala usimtazame Mama kwa huruma mbele yake. Kaa, ule, uwaache. Wifi umweleze mapema, na watoto waambiwe kwamba babu anasahau majina, basi.

Kazini sijambo, ingawa kila mwenye mwanya anayekuja namuuliza maswali mengi mpaka Daktari Alen ananitania. Wasalimie sana wifi na watoto. Majirani wote wanakusalimu, na Baba angekusalimu kama angejua upo. Mama anakusalimu kwa namna ya pekee na anasema njoo, usingoje Krismasi.

Na jambo la mwisho, kisha nakuacha. Juzi tulikuwa wawili jikoni, Baba amelala. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimwita Mama kwa jina lake, Evelina, kavu kavu, kama rika lake. Aligeuka na mwiko mkononi, akanikaripia, akauliza huyu ni mtoto gani asiye na adabu. Akarudi kukoroga chungu. Baada ya kitambo, bila kugeuka, akaniambia hebu rudia.

Ni mimi mdogo wako,
Yudith