Mita Nane Kuelekea Korongo

Kindu, tarehe 21 Septemba 2025

Kwa mdogo wangu mpendwa Fortunée, Lubumbashi,

Nakusalimu sana katika jina la Bwana. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na binti yako Déborah, na kwamba ile presha iliyokusumbua mwezi wa saba imetulia. Sisi huku tunaishi. Mke wangu Adèle aliumwa goti, lakini sasa anafika sokoni bila fimbo, anakusalimu. Mvua zimeanza mapema na mto umekwisha kupanda upande wa Alunguli.

Utashangaa kupata barua kutoka kwangu wakati tunaongea kwa simu kila Jumapili. Nimempa Rodrigue, fundi aliyetumwa na wale waliokuuzia nyumba. Anarudi huko kwa ndege kesho kutwa, na nimemwomba akukabidhi mkononi ukiwa peke yako.

Kwanza ujue kwamba nyumba yako imefika. Treni iliingia juzi baada ya siku kumi na tisa njiani. Kuta, paa, milango na madirisha vimepangwa stesheni chini ya turubai, vipande mia moja na kumi na viwili, nimehesabu mwenyewe. Ukuta mmoja tu umechubuka pembeni.

Sasa nije kwenye swali lako. Jumapili iliyopita uliniuliza kwa nini gharama za kiwanja zimepita zile dola elfu tatu ulizotuma, ukasema, “Yaya, kaka yangu, sema tu kama umekula pesa. Nitasamehe. Lakini usinichezee.” Niliiweka simu mezani, ukadhani imekatika. Haikukatika.

Bei uliyolipa huko ni ya nyumba tu. Haina habari na ardhi itakayoikalia. Nilikueleza hivyo tangu mwanzo, na nikakufanyia hesabu ya kila kitu ili mambo yasitushike njiani. Kukata vichaka na kung'oa visiki dola mia moja themanini. Kupanua njia ili kamio, lori la kubeba vipande, iingie, pamoja na kumlipa jirani kwa ua wake tulioubomoa, mia mbili na hamsini. Sima ya kujengea ndiyo inayoumiza hapa Kindu: mifuko sitini kwa dola ishirini na mbili, jumla elfu moja mia tatu na ishirini. Mchanga na kokoto mia nne. Shimo la choo mia tatu. Kamio na wabebaji kutoka stesheni mia tatu na hamsini. Zote ni elfu mbili na mia nane, na mia mbili zilizobaki tuliziacha kwa ajili ya yasiyojulikana. Hesabu hiyo ilikuwa nzuri, na ingetosha.

Kilichoivunja ni dola elfu moja mia moja na hamsini za ukuta wa mawe na udongo wa kujazia. Hizo hukuziona katika karatasi ya kwanza kwa sababu hazikuwamo. Zilikuja baada ya mimi kuisogeza nyumba yako mita nane kuelekea korongo. Pesa hizo hukuzitoa wewe. Niliuza pikipiki yangu, na zilizopungua nilikopa kwa mume wa dada yake Adèle. Kwa hiyo sikula kitu chako. Lakini hilo silo ulilotaka kujua. Ulitaka kujua kwa nini muntu mwenye paseli tambarare, kiwanja kizuri hivi, anajenga ukingoni.

Okito naye aliniuliza. Ni fundi masoni wa kujenga, mwenye umri, hana maneno mengi. Siku tulipovuta kamba za kupimia alilitazama korongo, akatazama pale katikati ninapopanda mboga za lengalenga, akasema, “Mwalimu, udongo wa kujaza utaenda na mvua. Pale njo pazuri. Tunapaacha kwa nini?” Nikamwambia pale nimepazoea kwa bustani. Hakuuliza tena, ila tangu siku ile vijana wake wanapopita na mikokoteni wanazunguka bustani yangu kwa mbali, wala sikuwaagiza.

Halafu alikuja Déborah mwezi wa saba kupiga picha ulizomtuma. Alipochoka aliketi palepale katikati ya lengalenga, akavua viatu, akala karanga. Aliinamisha kichwa upande wa kushoto kama muntu anayesikiliza kitu chini. Unajua nani alikuwa akiinamisha kichwa vile. Nilimwita aje kivulini, akanijibu kwamba pale amepata upepo mzuri, akakaa karibu saa nzima. Nilishindwa kumkaribia. Nilisimama mlangoni mpaka Adèle akaniuliza kama nimeugua.

Wiki hii Rodrigue ameleta chombo chake cha kupimia, akakisimika juu ya ile bustani. Amechoma nondo katika udongo tuliojaza kule ukingoni, ikazama kama katika ugali. Amesema hawezi kusimamisha nyumba pale, kwamba kabla ya Krismasi sakafu itapasuka. Ameagiza irudi mahali pa kwanza. Okito atachimba msingi Alhamisi ya tarehe mbili Oktoba, na atamwaga betoni ya msingi Jumamosi. Mdogo wangu, njo maana naandika. Hawawezi kuchimba pale kabla wewe hujajua.

Séraphin yuko pale.

Nimeandika sentensi hiyo nikaondoka mezani, nikarudi. Acha niendelee hivyohivyo.

Mumeo hakuvuka mto. Hakwenda Kalima, wala hakukuwa na mwanamke Kalima. Yule mwanamke nilimtunga mimi, hata kazi ya kuuza vitambaa nilimpa mimi.

Unakumbuka mwaka ule wa 2002, muji umezungukwa na hakuna chakula kinachoingia. Wewe ulikuwa parokiani pamoja na wamama wengine, siku tisa tu baada ya kujifungua. Mimi na Séraphin tulikuwa tunapokezana kwenda shambani nyuma ya uwanja wa ndege kutafuta muhogo na majani yake ya sombe. Leo yeye, kesho mimi. Siku ile ilikuwa zamu yangu. Lakini jana yake wanaume wawili wa barabara yetu walikwenda na hawakurudi, nami usiku kucha niliwaza njia ile. Asubuhi nilijifunika blanketi nikasema nina homa. Sikuwa na homa, Fortunée. Nilikuwa na woga. Shemeji alinishika paji la uso, akasema nilale, akachukua gunia langu na jembe langu akaenda.

Alirudi mchana akitembea kwa miguu yake. Gunia lilikuwa bado kichwani. Alilitua ukutani, akaketi, ndipo nikaona shati. Risasi ilimwingia tumboni. Sijui ni ya nani, pande zote zilikuwa zinapiga. Nilimwita Soudi, jirani, na tulifanya tulivyoweza kwa maji na nguo. Aliishi kama saa mbili. Alitaja jina lako, akauliza kama mutoto ananyonya vizuri. Halafu akanitazama, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, “Gauthier, homa yako imeshuka?”

Nikamjibu kwamba imeshuka. Hakusema tena neno. Mpaka leo sijui kama aliuliza kwa huruma au alikuwa anajua.

Njia ya makaburi ilikuwa imefungwa. Tulimzika pale katikati ya paseli jua likiwa bado juu, kwa haraka, amevikwa pazia la chumbani kwenu. Soudi alisali. Kesho yake nilikuja parokiani kukuambia, na njia nzima nilikuwa na ukweli mdomoni. Lakini nilipokuona umemshika mutoto nilijua utaniuliza ilikuwa zamu ya nani. Nikakuambia amekuacha. Ulilia mpaka jioni, kisha ukasema jina lake lisitajwe tena mbele yako, na mutoto aandikwe kwa jina la baba yetu. Mulipopata nafasi katika ile ndege ya mizigo nilijidanganya kwamba uongo wangu umewaokoa, maana mwanamke anayengoja mume asingepanda. Huenda ni kweli. Lakini sikusema uongo kwa ajili hiyo.

Kila masika udongo wa pale hushuka kidogo, nami hubeba kikapu cha udongo nikapasawazisha. Soudi alifariki miaka miwili iliyopita. Nilibaki mimi peke yangu niliyejua, na siku nyingine nikiwa napalilia najikuta namjibu mtu ambaye hajaniuliza kitu.

Nimekwenda kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, na kwa padri, nikawaambia wote wawili. Wamekubali Séraphin ahamishwe makaburini kwa heshima, na padri atatoa misa. Lakini wanamtaka mjane wake, au neno lake. Nimemwambia Okito hakuna jembe litakalogusa pale mpaka nipate jibu lako. Vipande vikikaa stesheni kupita wiki mbili tutalipa ulinzi, dola tano kwa siku; hizo ni zangu. Ukiamua nyumba isijengwe tena katika paseli hii, nitaelewa, na nitatafuta kamio ya kuvipeleka utakaposema.

Siombi unisamehe kwa barua. Naomba Déborah asikie haya kutoka kwako, siyo kwangu, na ajue kwamba baba yake aliuliza habari zake.

Adèle anawasalimu tena. Jana nilimweleza, naye bado ananipakulia chakula. Wasalimie wote wa nyumba yako na majirani wanaonikumbuka. Mungu awalinde, na presha yako uiangalie, kunywa dawa kabla ya kuisoma barua hii mara ya pili. Ukija, sitafika uwanja wa ndege kukupokea mpaka uniambie nije.

Yaya wako,
Gauthier